Sanamu Huoshwa Alhamisi

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Tuliseme mapema, msomaji asije akahangaika kumtafuta mwingine, maana katika habari hii wamo watu wawili watatu watakaojitahidi kumpokonya cheo hicho, na hawatafaulu.

Kazini walimwita Ndoo. Si kwa sababu ya umbo la kichwa chake, ingawa wapo waliosema hata hilo lingetosha. Ofisi yao ilikuwa ya kutengeneza michezo ya kompyuta, ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro, na katika kila mchezo kuna vitu ambavyo mchezaji huvipita bila kuvitupia jicho: mapipa, ngazi, masanduku, ndoo. Lazima kuna mtu wa kuvitengeneza. Kwa miaka minne mtu huyo alikuwa yeye. Ndoo ya mbao, ndoo ya bati, ndoo iliyotoboka, ndoo iliyopinduka. Kuna siku alimaliza ndoo kumi na nne kabla ya chakula cha mchana, akala, akarudi kuzitia mipini.

Kwa hiyo alipokabidhiwa sanamu, alipanda ngazi za ofisi wiki nzima kama bwana harusi. Agizo lilikuwa la mistari mitatu tu: mfalme wa jiwe, urefu mita tatu, amesimama langoni mwa mji uliohamwa miaka mia tatu iliyopita. Mchezaji atapita mbele yake kwa sekunde kumi na moja. Wewe utaona sekunde kumi na moja si kitu. Ndoo zake zote kwa pamoja hazijawahi kutazamwa muda huo.

Akamfanyia kazi wiki tatu. Alianza na kisanduku, kama kila fundi wa kazi hiyo anavyoanza, akakivuta kikatoa shingo, akakikanda kikatoa mabega, akakibana kikatoa kiuno ambacho hakuna mfalme aliyekula vizuri anaweza kuwa nacho. Alipomaliza kuchonga nywele za kidevuni, mfalme alikuwa na pembetatu milioni nne. Kila kitu ndani ya mchezo hushonwa kwa vipande vya pembetatu, na ukiipa mashine ya mchezaji milioni nne kwa mpigo, inavuma kama kinu cha kusaga unga kisha inazimika. Ruhusa ilikuwa elfu nane. Basi akamshonea mfalme gamba jepesi la elfu nane, akahamishia mikunjo na nyufa zote juu ya gamba kwa kivuli tu: ufa unauona, ukiusogelea haupo. Halafu akamchuna. Ndiyo, alimchuna ngozi kama mbuzi, akaitandaza bapa kwenye kioo cha kompyuta, apate kuipaka rangi ya jiwe, kuvu na mavi ya ndege kabla ya kuirudisha mwilini.

Hapo kwenye ngozi ndipo ujinga wa kwanza ulipoingia. Ndoo hupakwa nusu tu. Nusu ya pili mashine huigeuza yenyewe, kama mtu na kioo chake. Unaokoa nafasi, unaokoa siku mbili, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba ndoo inafanana kulia na kushoto. Aliyezoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Akampaka mfalme nusu.

Mkuu wa kazi alikuwa mwanamke mwembamba aliyehesabu pembetatu za watu kama mwenye nyumba anavyohesabu vijiko wageni wakishaondoka. Nyuma yake walimwita Dada Pembetatu. Mbele yake, Dada tu. Alhamisi, saa nne asubuhi, alisimama nyuma ya kiti cha Ndoo, kile chenye gurudumu moja lililong'oka, akamzungusha mfalme kwenye kioo mara mbili. Mara ya tatu akasema.

"Ndoo, huyu mfalme ameangukiwa na mavi ya ndege wangapi?"

"Mmoja tu, dada."

"Mmoja namwona begani kulia. Huyu wa kushoto ni nani?"

Ndoo alitazama. Wiki tatu alikuwa hajatazama.

"Kwa hiyo walikuwa wawili," Dada aliendelea, kwa sauti ya mtu anayeandika taarifa. "Walishuka pamoja, wakasimama umbali sawa kutoka shingoni, wakatazamana, wakahesabu moja, mbili, tatu."

Kwenye kona ya chumba, Masikio, mrekodi sauti, alikuwa anakanyaga kokoto ndani ya karai ili apate mlio wa jeshi likitembea. Jeshi likasimama.

"Na huu ufa wa shavuni. Radi ilipiga kulia, ikaona aibu kupendelea, ikapiga na kushoto?"

"Labda ni mvua, dada."

"Mvua yenye rula." Akavuta kiti akaketi, na hapo Ndoo akajua mambo yameiva, maana Dada hakuwa mtu wa kuketi. "Sikiliza, mdogo wangu. Uchafu una sababu. Kila doa lina lililolileta. Wewe umemwaga tu, kama mtu anayenyunyiza chumvi huku anaongea na simu. Saa kumi na moja naufunga mchezo, wageni waujaribu. Ukinipa mfalme aliyechakaa kama vitu vinavyochakaa, ni wako, na sanamu zote za mji ni zako, zipo tisa. Usiponipa, naweka mti pale langoni, na Jumatatu unaanza bandari."

"Bandarini kuna nini?"

"Ndoo mia mbili."

Alipoondoka, Ndoo alimchuna mfalme upya, pande zote mbili safari hii, mpaka saa sita. Ngozi ilikuwa tayari, nyeupe, inasubiri doa. Akipata picha za uchafu wa kweli angezibandika kwa nusu saa. Kazi ilikuwa kuupata.

"Pale bustanini kuna sanamu," alimwambia Masikio. "Napita kila siku. Mtu kanyoosha mkono."

"Hajanyoosha. Ameshika kitabu."

"Ameshika kitabu kwa mkono mwingine. Huu kanyoosha."

"Mimi nakumbuka amekaa."

Walibishana hivyo mpaka chini, wakapita katikati ya magodoro, wakavuka barabara, wakaingia bustanini, wakafika. Palikuwa na kiweko cha zege chenye kimo cha mtu mzima, juu yake mashimo mawili yenye kutu, na hewa.

"Ndiyo maana hatukuelewana," alisema Masikio.

Hapo sasa mtu mwenye akili zake angepanda basi akatafuta sanamu nyingine, ama angekwenda kupiga picha ukuta wa nyuma ya soko. Ndoo alitazama kiweko, akatazama mikono yake mwenyewe, akatazama kibanda cha vifaa vya wafagiaji, kilichokuwa wazi. Ndani mlikuwa na ngazi ya mbao, na pipa la chokaa ile nyepesi ya kupakia vigogo vya miti.

"Usiseme unachotaka kusema," Masikio alimwomba.

"Mtu ana mabega. Ana pua. Maji yakimwagika hayaulizi kama ni jiwe au nyama. Nipake."

Masikio alimpaka, kwa sababu rafiki wa kweli hukuonya mara moja tu, kisha hushika brashi. Alimpaka kuanzia utosini hadi kwenye viatu, akamnyunyizia vumbi la njia, akambandikia makombo ya mkate mabegani kwa ajili ya ndege. Ndoo akapanda ngazi, akasimama juu ya kiweko, mkono mmoja mbele, kwa heshima ya sanamu aliyoikumbuka. Jua likaikausha chokaa ikawa ganda. Ilimwasha shingoni, suruali ikakakamaa kama bati, na akagundua kwamba akikunja goti inapasuka. Wafalme hawakunji magoti. Akavumilia.

Njiwa wa kwanza alikuja saa nane na robo. Alitua bega la kulia, akala makombo, akatafakari, akafanya lile alilosubiriwa. La kushoto hakuligusa. Ndoo alitokwa na chozi la furaha, nalo likachora njia nzuri sana kwenye shavu, moja tu. Masikio alipiga picha za mbele zote, na alipozunguka kwenda mgongoni simu ikazima moto.

"Ngoja nikaichaji," alisema. "Na nimwonyeshe Dada hizi za mbele. Usiende popote."

"Niende wapi na mimi jiwe?"

Masikio alikuwa hajamaliza kuvuka barabara pale Mkaguzi alipoingia kwa lango la pili. Alikuwa mzee mfupi, nadhifu, mwavuli kwapani, ubao wa karatasi mkononi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha vitu vya bustani vipo. Alifika kwenye benchi, akaandika alama. Alifika kwenye bomba, akaandika alama. Alifika kwenye kiweko.

Ndoo alikuwa amelelewa vizuri, na malezi hayafunikwi na chokaa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Mkaguzi alijibu bila kuinua macho, akaandika alama. Kisha kalamu ikasimama. Akatazama juu taratibu, kuanzia viatu. Uso wake ukalainika kama wa mtu aliyerudishiwa pochi.

"Imerudi," alisema.

"Samahani mzee, mimi ni mtu. Nafanya kazi ghorofani pale. Niko hapa kwa ajili ya picha kidogo."

"Sanamu nyingi zinafanana na watu," alisema Mkaguzi kwa upole. "Ndiyo kazi yake."

"Lakini naongea."

"Hapa pameandikwa: sanamu moja, mwanamume, amesimama, mkono mbele." Alipiga karatasi kwa kalamu. "Hakuna mahali pameandikwa haiongei."

Akaichukua ile ngazi, akailaza chini kwenye nyasi, akaikalia. Hakuwa na ubaya wowote. Alieleza kama anavyoelezwa mgeni. Sanamu iliondolewa miaka sita iliyopita, walioichukua walisema wanaipeleka kusafishwa, na hawakujaza fomu ya kuondoa. Pasipo fomu haijaondoka. Isiyoondoka ipo. Kila Alhamisi ameandika ipo, na kila Alhamisi moyo wake umemsuta. Leo, kwa mara ya kwanza, karatasi na macho vimekubaliana.

"Ukishuka," alisema, "itakuwa imeondolewa mbele yangu. Fomu ya kuondoa inasainiwa na watu watatu. Mmoja amestaafu, mmoja amehama, na wa tatu ni mimi, nami sikubali."

Ndoo alitazama chini. Ilikuwa kama mita mbili. Si mbali kwa mtu. Kwa ganda la chokaa ni mbali sana: akiruka, mgongo wote utapukutika, mgongo ambao haujapigwa picha hata moja, na katika mgongo huo alishahisi njiwa wanne. Saa ya mnara wa posta ilionyesha saa tisa. Akaanza kuziona ndoo mia mbili zikiwa zimepangwa gatini, kila moja na mpini wake.

"Mzee wangu, nina kazi ya watu. Nikichelewa wananitoa kwenye sanamu."

"Na mimi je? Nikikuacha wananitoa kwenye bustani."

Hapo ndipo shangazi yake Ndoo alipotokea, anasukuma toroli lenye ndoo mbili za maji, sabuni na brashi ya mpini mrefu. Alikuwa mfagiaji wa bustani ile, na ndiye aliyemlea Ndoo tangu meno ya utoto. Alisimama. Akamtazama mpwa wake kutoka chini hadi juu, bila haraka, kama mtu anayesoma barua ya mkopo.

"Wewe," alisema, "si uliniambia unafanya kazi ofisini?"

"Ndiyo, shangazi. Hii ni ya ofisi."

"Ofisi yenu ina njiwa."

"Shangazi, mwambie mzee anipe ngazi. Mwambie mimi ni mtoto wa kaka yako."

Shangazi alimgeukia Mkaguzi. "Bwana Mkaguzi, huyu ni mtoto wa kaka yangu. Akili hizo si za kwetu, ni za upande wa mama yake, lakini mtoto ni wetu."

"Kwenye orodha ni sanamu, mama. Na kazi isisimame, leo Alhamisi." Akasoma: "Alhamisi, kuosha sanamu, ndoo moja ya maji."

"Miaka sita naosha hewa hapa," alisema shangazi. "Napanda ngazi, namwagia hewa, nashuka, wewe unatia saini kwamba imetakata. Leo kweli nikatae?" Alinyanyua ndoo moja. Ndoo, juu pale, aliitambua: ndoo ya bati, mpini wa waya, umepinda upande wa kushoto. Alishawahi kutengeneza mia moja za namna ile na zote zilikuwa zimenyooka.

"Shangazi, subiri kwanza."

"Ulipokuwa mdogo pia ulikuwa unasema hivyo hivyo."

Akasimama juu ya toroli, akayarusha maji juu kwa nguvu zote. Maji yalipiga utosini, yakatafuta njia. Yakashuka kwenye nyusi yakagawanyika, yakaepa chini ya kidevu pakabaki pakavu, yakafuata mkono ulionyooshwa mpaka kiwiko, yakaanguka pale kwa tone, tone, tone, na kila tone likachimba shimo lake dogo kwenye chokaa ya kiatu cha kulia. Cha kushoto hakikuguswa. Ndoo, ambaye alikuwa na sababu zote za kulalamika, aliyasikiliza tu. Wiki tatu alikuwa amepaka michirizi kwa kubuni, na kumbe maji yana akili kuliko yeye. Yanajua yanakotoka na yanakokwenda.

"Sasa imetakata?" shangazi aliuliza.

"Imetakata," alisema Mkaguzi, akatia saini.

Masikio alirudi akiwa na Dada Pembetatu, saa kumi kasoro dakika kumi. Dada hakuuliza kwa nini mfanyakazi wake yuko juu ya kiweko anachuruzika maji ya chokaa. Alizunguka. Alitazama bega la kulia, akatazama la kushoto. Akasimama kwa ncha za vidole kuviona viatu. Akaenda nyuma, akakaa huko muda mrefu mpaka Ndoo akaogopa.

"Dada, huko nyuma kukoje?"

"Kuna njiwa wanne, na mmoja alikuwa mgonjwa," alisema Dada. "Hakuna kilichojirudia popote." Aliporudi mbele, sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo, kama ya mtu aliyekuta vijiko vyote vipo. "Hii ndiyo niliyotaka. Usijipanguse. Usikune hata sikio. Simu haitatosha kwa huo mgongo, na kamera kubwa na taa zimefungwa ofisini hazibebeki; tunapanda, tunakupiga mgongo kama ulivyo, unabandika, saa kumi na moja mfalme yumo ndani. Na zile nane zilizobaki anza kuzifikiria. Shuka."

"Siwezi kushuka."

"Kwa nini?"

Ndoo alionyesha kwa macho, maana kidole kingepasuka. Mkaguzi alikuwa bado ameketi juu ya ngazi, mwavuli magotini, mpole kama mkwe.

"Huyu ni mfanyakazi wangu," Dada alimwambia.

"Hapana, mama. Hii ni mali ya bustani. Imekaguliwa saa nane na nusu, imeoshwa saa tisa na dakika kumi. Karatasi hizi hapa."

"Nina karatasi pia. Nina mkataba wake wa ajira."

"Mkataba unasema yeye ni nani?"

Dada alifikiri. "Fundi wa vitu visivyosogea."

"Basi," alisema Mkaguzi, "tunakubaliana."

Masikio alipendekeza wambebe. Mkaguzi alisema kubeba ndiyo kuondoa kwenyewe, fomu inataja hata toroli. Dada alipendekeza wamrudishe kesho asubuhi. Mkaguzi alisema hata wale wa miaka sita iliyopita walisema kesho asubuhi. Masikio alijitolea kupanda yeye badala yake. Mkaguzi alimpima kwa macho, akasoma karatasi, akasema kwa masikitiko kwamba huyu hana mkono mbele. Saa ya mnara iligonga saa kumi. Chokaa ilikuwa inakauka tena kwa jua, na begani ganda lilianza kuinua ukingo, kama stempu ya barua iliyokosa gundi. Dada aliuona ule ukingo. Ndoo aliuhisi.

"Mzee," alisema Ndoo kutoka juu, na sasa hakuwa anatania, "nimetengeneza ndoo miaka minne. Naomba."

Mkaguzi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, siyo roho mbaya. Nimeandika ipo. Nikitazama nione haipo, nitaandika nini?"

Shangazi alikuwa amekwisha kupanga brashi na ndoo zake torolini. Alijifuta mikono kwenye kitambaa cha kiunoni, akaenda mpaka kwenye ngazi, akamwinamia.

"Bwana Mkaguzi," alisema, "miaka sita unaiona sanamu ambayo haipo. Mimi nakuomba dakika moja tu usimwone mtu ambaye yupo."

Mkaguzi akainuka kwenye ngazi, akafungua mwavuli, akauweka mbele ya macho yake.